Mbegu za Misonobari Zilivyopakwa Dawa Louisiana

Mbegu ya msonobari wa majani marefu, mti wa asili wa kusini-mashariki mwa Marekani, ni kubwa, ina mafuta na huota upesi. Hudondoka kati ya Oktoba na Novemba, na ikipata mvua huota juu ya ardhi ndani ya majuma machache. Ndege na panya huiwahi kabla haijashika mizizi.

Misitu ya mti huu ilikuwa imetanda hekta zipatazo milioni 36, kutoka Virginia hadi Texas. Kuanzia miaka ya 1880 hadi 1920 hivi, kampuni za mbao ziliifyeka kwa pupa, na sehemu kubwa ya Louisiana ikabaki visiki vitupu. Miti mama ya kudondosha mbegu ilikuwa imekwisha. Kupanda miche nako kulikuwa na shida yake: kwa miaka kadhaa ya mwanzo mti huu hauna shina la kuonekana, hukaa chini kama shungi la nyasi huku mzizi mkuu ukizama ardhini, na miche iliyong'olewa kitaluni mizizi ikiwa wazi ilikufa kwa wingi.

Watafiti wa misitu wa serikali mjini Alexandria, Louisiana, wakageukia kusia mbegu moja kwa moja porini. Majaribio ya awali yaliishia matumboni mwa ndege. Ufumbuzi ulipatikana miaka ya 1950 kutoka mahali pasipotarajiwa. Thiramu, kemikali ya viwanda vya mpira iliyopewa hataza kama dawa ya ukungu mwaka 1934, ilionekana kuwakinaisha ndege: waliozionja mbegu zilizopakwa walijifunza kuziacha. Panya walihitaji kitu kikali zaidi, ndipo ikaongezwa endrini, sumu ya kuulia wadudu.

Upakaji wenyewe ulikuwa kazi ya pipa na mikono. Mbegu zilichanganywa na dawa pamoja na gundi ya lateksi, ili mvua isiisafishe dawa, kisha zikanyunyiziwa unga wa alumini ili ziteleze vizuri katika mashine ya kusia. Zilitoka zikimeta kama fedha. Nyasi zilichomwa mapema ili mbegu ziguse udongo, halafu ndege za kilimo zikamwaga kilo 3 hivi kwa kila hekta.

Mashamba makubwa yalirudishiwa miti kwa njia hii, na hilo si jambo dogo. Lakini endrini haikustahili kumwagwa porini. Ni sumu kwa samaki, ndege na binadamu, na hukaa udongoni kwa miaka. Matumizi yake karibu yote Marekani yalikoma miaka ya 1980, na Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, uliiweka miongoni mwa kemikali 12 za kwanza kudhibitiwa. Wakati huo miche ya kuoteshwa kwenye vikasha, inayopandwa na udongo wake, ilikuwa imeshika nafasi ya kusia.

Kuongeza mbolea kwenye mipako hiyo kungekuwa na mtihani mwingine. Chumvi zake zikigusana na mbegu huvuta maji na kuunguza mzizi mchanga, kwa hiyo mbolea nyingi karibu na mbegu huua badala ya kulisha. Tena msonobari una akiba ya chakula ndani ya mbegu. Kinachouponza mwanzoni ni walaji na ukame kuliko njaa.

Nchini Kenya, mradi wa Seedballs Kenya ulianza kupaka mbegu mwaka 2016 kwa njia isiyotegemea sumu. Mbegu za miti ya asili, migunga ikiwemo, huviringishwa ndani ya vumbi la makaa, taka ya wauza makaa, pamoja na gundi yenye virutubisho. Tabaka hilo jeusi huikinga mbegu dhidi ya ndege, panya, wadudu na jua kali hadi mvua ililainishe. Vidonge hivyo hurushwa kutoka kwenye ndege, na wanafunzi huvirusha kwa manati.