Kesi ya gazeti la Mseto

Kesi ya gazeti la Mseto ni shauri namba 7 la mwaka 2016 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, jijini Arusha. Mhariri Mtendaji wa Mseto na kampuni ya Hali Halisi Publishers walimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Tanzania kwa sababu gazeti hilo lilifungiwa kwa miaka 3. Wachapishaji walishinda tarehe 21 Juni 2018.

Chanzo

Mseto lilikuwa gazeti la Kiswahili la kila wiki. Mapema Agosti 2016 lilichapisha habari yenye kichwa "Waziri amchafua JPM", iliyomhusisha naibu waziri mmoja na madai ya rushwa kwa ajili ya kampeni ya urais ya John Magufuli ya mwaka 2015. Tarehe 10 Agosti Waziri wa Habari, Nape Nnauye, alilifungia kwa miezi 36.

Sheria iliyotumika

Waziri alitumia kifungu cha 25 cha Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Kifungu hicho kilimruhusu kusimamisha gazeti akiona kwamba maslahi ya umma, au amani na utulivu, vinadai hivyo. Mwaka 2013 magazeti ya Mwananchi na Mtanzania yalifungiwa vilevile, la kwanza siku 14 na la pili siku 90.

Utaratibu huo ni tofauti na kesi ya kashfa. Katika kesi ya madai, anayeona amekashifiwa huenda mahakamani kudai fidia. Mchapishaji hupata nafasi ya kujitetea: kwamba habari ni ya kweli, kwamba ni maoni ya haki juu ya jambo linalohusu umma, au kwamba ina kinga ya kisheria, kama taarifa sahihi ya mwenendo wa mahakama. Anayeamua ni hakimu au jaji. Chini ya kifungu cha 25, waziri ndiye aliyepima habari na ndiye aliyetoa adhabu.

Hukumu

Mahakama ilipima amri hiyo kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ibara ya 6(d) na 7(2), zinazozitaka nchi wanachama kufuata demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Iliona kwamba waziri hakuonyesha jinsi habari ile ilivyovunja haki za wengine au kudhuru maslahi ya umma; alitoa maoni yake tu katika sura ya amri. Iliagiza amri ifutwe na gazeti liruhusiwe kuchapishwa tena.

Matokeo

Wakati hukumu inatolewa, Sheria ya Magazeti ilikuwa imeshafutwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, iliyoweka leseni kwa magazeti. Tarehe 28 Machi 2019 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya Baraza la Habari Tanzania na wenzake, iliona kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo mpya, vikiwemo vya kashfa, navyo vinakiuka Mkataba.

Mseto halikurudi mitaani mara baada ya hukumu. Lilirudishiwa leseni Februari 2022, pamoja na Mawio, MwanaHALISI na Tanzania Daima. Waziri aliyetangaza hatua hiyo alikuwa Nape Nnauye.