Jack Alipowafukuza Watangazaji

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze redio. Lakini mjue mimi ni mtu wa tarakilishi, kwa hivyo nitarudi huko huko tu :-)

Ijumaa tarehe 3 Juni 2005, saa kumi na moja jioni, stesheni ya WCBS-FM 101.1 ya New York ilibadilika ghafla. Tangu 1972 ilikuwa ikipiga zilizopendwa, na watangazaji kama Bruce Morrow, yule "Cousin Brucie", walikuwa kama jamaa wa nyumbani. Jioni ile wakatoweka, akaingia Jack.

Jack si mtu. Ni mtindo uliotoka Kanada: orodha ndefu ya nyimbo za miongo mbalimbali zilizochanganywa, sauti ya mzaha iliyorekodiwa, na mtangazaji hakuna. Siku hiyo hiyo kampuni iliyomiliki stesheni, Infinity, iligeuza pia WJMK ya Chicago.

Kwa nini? Hesabu. Wanaonunua matangazo Marekani hupenda wasikilizaji wa miaka 25 hadi 54, na mashabiki wa zilizopendwa walikuwa wakizeeka. Pili, faili haidai mshahara. Tatu, iPod ilikuwa imetoka 2001, na watu walishazoea nyimbo kuja bila mpangilio.

Kusema kweli, ningeletewa mpango huo ningeupitisha. Lakini una kasoro. Mwenye iPod tayari ana mchanganyiko, tena wa nyimbo alizochagua mwenyewe. Redio ikimwiga inashindana naye pale ilipo dhaifu, huku ikitupa kitu ambacho iPod haikuwa nacho: mtu anayekusalimia.

Wasikilizaji wakakasirika, hata meya Michael Bloomberg akasema hadharani hatasikiliza tena. Wengi wakahama. Tarehe 12 Julai 2007, saa saba na dakika moja mchana (saa yao huandikwa 1:01, kama masafa yenyewe!), zilizopendwa zikarudi pamoja na watangazaji.

Angalieni lakini: hazikurudi zile zile. Mkazo sasa ulikuwa miaka ya 60, 70 na 80. Yaani tatizo la umri lilikuwa la kweli, ila dawa ilikuwa kusogeza nyimbo mbele, si kuwafukuza wenye nyumba.

Mimi nimewahi kufanya kosa hilo. Kwenye mfumo fulani niliondoa ukurasa wa ripoti kwa sababu takwimu zilionyesha unafunguliwa mara chache sana. Kumbe ndio akina mama wa uhasibu walitegemea kila mwisho wa mwezi kulipa mishahara! Nilirudisha usiku huo huo, jasho likinitoka.

Takwimu zilinieleza ni mara ngapi. Hazikunieleza ni nani, wala kwa nini. Siku hizi kabla sijafuta kitu, nauliza kwanza.

Haya, tuonane wiki ijayo.