Uti, Ugwe na Uvimbe: Historia Fupi ya Maneno ya Picha za Ubongo na Mgongo

Mtu atokaye Mbeya mjini kwenda Tunduma hushuka mteremko wa Iwambi kabla ya kuingia Mbalizi. Mteremko huo una sifa mbaya. Malori yaendayo Zambia na Kongo yamekatikiwa breki hapo mara nyingi, na wenyeji wamekwisha zoea kuwapokea majeruhi. Wengi wa majeruhi hao huumia kichwa au mgongo, yaani sehemu ambazo daktari hawezi kuzijua undani wake kwa kupapasa. Kwa hiyo huagizwa wapigwe picha. Ni juu ya picha hizo, na hasa juu ya maneno yatumikayo kuzitaja, kwamba tumeona yafaa kuandika makala haya.

Tulipata kupita Mbalizi tukiwa na rasimu ya kijitabu cha maelezo kwa wagonjwa, tuliyokuwa tumeitafsiri wenyewe, tukitaka kuijaribu kwa wasomaji wa kawaida. Tulimkuta mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa ameanguka kutoka juu ya mparachichi. Baada ya shikamoo na kupeana pole, tulimsomea sentensi moja: "Mgonjwa atapigwa picha ya uti wa mgongo kwa mionzi ili kuangalia kama kuna uvimbe." Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Wanangu, huyu kaanguka tu. Mbona mnaniambia ana homa ya uti wa mgongo na kansa?"

Sentensi ile ilikuwa sahihi kwa sarufi, na kila neno lake limo kamusini. Hata hivyo ilimweleza mama yule magonjwa mawili ambayo mwanawe hakuwa nayo. Ili kuelewa kosa letu lilitoka wapi, yatupasa kurudi nyuma kidogo.

Tarehe 8 Novemba 1895, huko Würzburg, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Conrad Röntgen aligundua miale isiyoonekana ipitayo katika nyama na kuzuiwa na mifupa. Kwa kuwa hakujua asili yake, aliipa herufi ambayo wanahisabati huitumia kwa kitu kisichojulikana. Mwaka huo huo wamisionari wa Kimoraviani walifungua kituo chao Utengule, mwendo mfupi kutoka Mbalizi ya leo. Wajerumani waliiita miale hiyo kwa jina la mgunduzi wake. Waingereza walishika ile herufi. Kiswahili kimepokea neno la Waingereza, nalo limekaa vizuri: eksirei. Pengine utawala wa Wajerumani ungaliendelea nchini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, leo tungalikuwa tunasema rentgeni, na hakuna ambaye angaliona ajabu.

Lakini eksirei haikuwasaidia sana waganga wa ubongo. Fuvu huonekana, ubongo uliomo ndani yake hauonekani, kwa sababu ni laini na miale huupita bila kuacha alama ya kutosha. Mwaka 1918 Walter Dandy, daktari wa Baltimore, Marekani, alianza kutia hewa katika matundu ya ubongo ili yajitokeze kwenye picha. Mapema katika miaka ya 1920 Wafaransa Sicard na Forestier walitia mafuta yenye madini ya aidini katika mfereji wa mgongo. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Ureno alitia dawa katika mishipa ya damu iendayo kichwani. Njia zote hizo zilikuwa za kuzunguka: ubongo wenyewe haukuonekana, bali kivuli cha kile kilichoupakana. Nazo zilimtesa mgonjwa.

Mageuzi yalikuja tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa sehemu ya mbele ya ubongo alipokuwa mgonjwa wa kwanza kupigwa picha kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupiga eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukokotoa na kuonyesha ubongo kana kwamba umekatwa slesi kama mkate. Hesabu za jambo hilo zilikuwa zimekwisha kufanywa na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye fikra yake ilianzia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1979. Twalitaja hili kwa makusudi, maana watafsiri wengine hudhani kwamba elimu hii yote imetoka ng'ambo ikiwa imekamilika, na kwamba kazi yetu ni kuipokea tu.

Jina la kitaalamu la picha hiyo limejengwa juu ya neno la Kiyunani lenye maana ya pande lililokatwa. Baadhi yetu walipendekeza "picha ya vipande". Tulilijaribu neno hilo, na wasikilizaji wakaelewa kuwa picha imechanika. Hospitalini watu husema sitiskani, tangu mfagizi hadi daktari bingwa. Hatuoni sababu ya kupigana nao. Neno la mkopo lisilomdanganya mtu lina faida kuliko neno la asili limpotezalo njia. Mashine hizo zilisambazwa katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa kwa fedha za mpango wa mwaka 2021 wa shilingi trilioni 1.3 dhidi ya UVIKO-19, na kwa hiyo neno sitiskani limefika mbali kuliko orodha yoyote ya istilahi.

Sasa tuyatazame maneno matatu ya sentensi yetu.

La kwanza ni mionzi. Nchini Tanzania, mtu asemapo kwamba fulani "anapigwa mionzi", msikilizaji huiona moja kwa moja Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Neno limefungamana na ugonjwa mmoja. Hilo pekee ni usumbufu. Hatari iko kwingine. Katika miaka ya 1970 Paul Lauterbur na Peter Mansfield walianzisha njia nyingine ya kupiga picha, ambayo haitumii eksirei hata kidogo. Mgonjwa hulazwa ndani ya sumaku yenye nguvu, mawimbi ya redio hupelekwa mwilini, na chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili hujibu. Njia hii, ambayo hospitalini huitwa emarai, huonyesha ugwe wa mgongo kwa namna ambayo sitiskani haiwezi. Wenzetu wanafizikia watatukumbusha kwamba mawimbi ya redio nayo ni mnururisho. Ni kweli. Lakini kijitabu kikiiita emarai "picha ya mionzi", mgonjwa ataogopa jambo lisilokuwapo, naye hatakumbuka kutaja lililopo: kipande cha chuma kilichobaki mwilini, au kifaa kilichopandikizwa kifuani. Sumaku haina simile na chuma. Ndiyo maana twapendelea "picha ya sumaku". Waingereza na Wamarekani wenyewe waliliondoa neno nyuklia katika jina la kipimo hiki, kwa kuwa wagonjwa walifikiria mabomu. Sisi nasi hatukatazwi kumfikiria mgonjwa.

La pili ni uti wa mgongo, na hapa mambo ni mazito zaidi. Maneno haya hutumika kwa mfuatano wa mifupa ya mgongo. Hutumika pia kwa ugwe laini upitao ndani ya mifupa hiyo, ubebao hisia na amri kutoka ubongoni. Tena yamo katika jina la homa ya uti wa mgongo, ambayo kwa hakika ni uvimbe wa ngozi nyembamba zifunikazo ubongo na ugwe huo, wala si ugonjwa wa mifupa. Bila shaka jina hilo lilizaliwa kwa sababu shingo na mgongo wa mgonjwa hukakamaa. Ni jina zuri la watu, na hatukusudii kuligusa. Lakini daktari aandikapo kwamba uti wa mgongo umevunjika, je, mfupa umevunjika na mgonjwa ataweza kutembea, au ugwe umekatika na hataweza? Ndugu wa mgonjwa hukaa nje wakisubiri jibu la swali hilo hilo.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Uti ni kitu kigumu kishikiliacho, kama uti wa jani. Ugwe ni kamba nyembamba. Pingili tunazo katika muwa na katika mwanzi, na kila mtoto wa Mbalizi aliyewahi kumenya muwa anazijua. Kwa hiyo: uti wa mgongo ni mifupa yote kwa jumla, pingili ni mfupa mmoja mmoja, ugwe wa mgongo ni ule uliomo ndani. Ugwe umo katika istilahi za biolojia, ila haujatoka darasani.

La tatu ni uvimbe. Neno hili lina maana mbili ambazo picha za ubongo huzitenganisha kabisa. Huko Blantyre, Malawi, watoto 168 wenye malaria ya ubongo walipigwa picha ya sumaku, na matokeo yakatangazwa mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na kati yao 21 ubongo ulikuwa umevimba sana walipolazwa. Hapo uvimbe ni hali: kiungo chote kimejaa, nacho chaweza kupungua. Lakini uvimbe pia ni kitu: donge lililoota mahali lisipotakiwa. Katika Nyanda za Juu Kusini, wafugwako nguruwe wengi, yumo pia mdudu wa tatu katika ngoma hii, yaani vifuko vya tegu wa nguruwe viingiavyo ubongoni na kusababisha kifafa; navyo kwenye sitiskani huandikwa uvimbe mdogo mdogo. Magonjwa matatu, matibabu matatu, neno moja. Twashauri kitenzi kitumike kwa hali, yaani "ubongo umevimba". Uvimbe ubaki kwa kitu kilichoota. Na vya tegu viitwe vifuko.

Tulirudi kwenye rasimu yetu na kuandika: "Mgonjwa atapigwa picha ya sumaku ya mgongo, ili kuangalia kama pingili zimevunjika na kama ugwe uliomo ndani umeumia." Sentensi imekuwa ndefu kuliko ya kwanza kwa maneno manne. Mpiga chapa alinung'unika.

Limebaki neno la kile kigegedu kilichomo kati ya pingili na pingili, ambacho kikichomoka hubana mishipa ya fahamu na kumfanya mtu mzima alie usiku. Madaktari husema diski. Mafundi wa magari wa Mbalizi nao husema diski, wakimaanisha ile ya breki. Tumepokea mapendekezo mawili, "kigegedu cha pingili" na "kitako cha pingili". La pili liliwachekesha wajumbe, lakini wauguzi wawili walilitetea kwa nguvu. Tumeliacha wazi mpaka kikao kijacho.