Kipimo cha Amosi

Mara ya kwanza kukisoma kitabu cha Amosi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nilikuwa upande wa nabii. Nilipigia mistari maneno yake makali, nikafurahia jinsi anavyowasema matajiri. Ilinichukua miezi kugundua kwamba hotuba ile ilipangwa ili kumnasa msikilizaji wa aina yangu.

Amosi alitoka Tekoa, kijiji cha Yuda kusini mwa Yerusalemu. Alikuwa mtu wa mifugo na mtunza mikuyu. Katikati ya karne ya 8 KK alivuka mpaka kwenda Israeli, ufalme wa kaskazini, enzi za Yeroboamu wa Pili. Zilikuwa siku za neema. Dameski ilikuwa imedhoofika, Ashuru ilikuwa na matatizo yake ya ndani, na mipaka ya Israeli ikapanuka. Mwaka 1910 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta Samaria, mji mkuu, vigae vilivyoandikwa kwa wino: kumbukumbu za mvinyo na mafuta yaliyopelekwa mjini. Miaka ya 1930 vikapatikana vipande vya pembe za ndovu zilizonakshiwa, za kupambia samani. Amosi anavitaja vitanda vya pembe. Hakuwa anatia chumvi.

Hotuba yake inaanzia mbali. Anaihukumu Dameski, kisha Gaza, Tiro, Edomu, Amoni na Moabu, kwa ukatili wa vita na biashara ya watumwa. Namwona msikilizaji wa Israeli akiitikia kwa kichwa: adui zetu leo wamepatikana. Halafu inakuja Yuda, jirani na ndugu. Mwisho ni zamu ya Israeli yenyewe, na makosa yake hayakutendwa vitani. Yalitendwa sokoni na mahakamani. Maskini anauzwa kwa bei ya jozi ya viatu. Nguo iliyowekwa rehani inatandikwa kando ya madhabahu.

Watu wale waliamini kwamba, kwa kuwa ni wateule, Siku ya Bwana ingewashukia wengine na kwao ingekuwa mwanga. Amosi anaipindua hoja: Mungu atawadai wao hasa, kwa sababu aliwajua wao kuliko mataifa yote. Kwake, agano liliongeza deni.

Kuna kosa moja lililonifanya niweke kalamu chini. Wauza nafaka, anasema, wanapunguza efa na kuongeza shekeli. Efa ilikuwa kipimo cha ujazo, kama lita 20 hivi. Shekeli wakati huo haikuwa sarafu. Ilikuwa uzito, gramu 11 hivi, na mawe ya uzito huo yaliwekwa kwenye mizani kupimia fedha. Efa ndogo ilimpa mnunuzi nafaka pungufu, na jiwe zito likamtoza fedha zaidi. Aliibiwa mara mbili katika biashara moja.

Mbinu hiyo naijua. Baba yangu hununua viazi kwa wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, na hununua kwa lumbesa: gunia linajazwa, linaongezewa tena juu, linashonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Wale wa Samaria walikipunguza kipimo kwa sababu walikuwa wakiuza. Sisi tunakikuza kwa sababu tunanunua. Ada yangu ya chuo imetoka humo.

Nilimuuliza kwa simu. Hakukasirika. "Mwanangu, soko zima ndivyo linavyonunua. Nikiacha mimi, atakuja mwingine." Kisha akauliza kama hela ya muhula imefika. Nikamjibu imefika, asante Baba.

Usiku ule nilirudi kwa Amazia, kuhani wa Betheli. Habishani na Amosi juu ya vipimo. Anamwambia arudi Yuda akale mkate wake huko, maana Betheli ni hekalu la mfalme. Zamani nilimwona mwoga tu. Sasa namwelewa kuliko ninavyopenda: mkate wake mwenyewe ulitoka palepale.

Karibu mwaka 722 KK Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru. Mfalme Sargoni wa Pili alijigamba katika maandishi yake kwamba alihamisha watu 27,290. Sisi wa historia tutaeleza kwamba Ashuru ilipata nguvu mpya tangu Tiglath-pileser wa Tatu alipotwaa kiti mwaka 745 KK, na tutakuwa sahihi. Lakini anayemsoma Amosi kama mtabiri aliyepatia tu anabaki kuwa mtazamaji. Katikati ya vitisho vyake nabii anawasihi wasikilizaji waisimamishe haki mahakamani, huenda wakahurumiwa. Hukumu ilitangazwa kwa watu waliokuwa bado na muda wa kurekebisha vipimo vyao.

Msimu wa viazi unaanza mwezi ujao. Bado sijampigia Baba tena.