Lugha ya Kuwafunzia Walezi wa Watoto Wadogo Masisi na Walikale: Mtazamo wa Kihistoria

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa juu juu huonekana kuwa la wataalamu wa elimu na afya peke yao, ilhali kiini chake ni cha lugha. Nalo ni utungaji wa masomo ya intaneti kwa ajili ya wale wanaowahi kumsaidia mtoto mdogo aliyechelewa kukaa, kutembea au kusema. Tutaitazama Masisi na Walikale, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Kifaransa huiita intervention précoce, na mfasiri mwenye haraka ataandika "uingiliaji wa mapema". Kisarufi hana kosa. Lakini kitenzi kuingilia kina mambo yake: anayeingilia shughuli za watu ni mjuaji asiyeitwa, na kumwingilia mtu ni kumvunjia heshima ya mwili wake. Katika nchi ambayo wanawake na watoto wametendewa unyama huo tangu vita vya miaka ya 1990, somo linalotangaza kumwingilia mtoto mapema litamfanya mama afunge mlango kabla hajasikia neno la pili. Tanzania hutumia afua, neno ambalo asili yake ni kuokoa na kuponya. Ni zuri, ila kwa maoni yangu bado lina harufu ya ofisi. "Kuwahi kumsaidia mtoto" ni maneno marefu, lakini hayamtishi mtu.

Kosa la namna hii lina mizizi katika historia ya lugha zenyewe pande hizo. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilienezwa kwa sehemu kubwa na misafara ya Nyangwe na Kasongo, kwenye mto Lualaba, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Baadaye kikachukuliwa na misheni, mashamba na migodi. Kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwaweka katika milima ya Masisi, kwenye ardhi ya Wahunde. Walikale, chini msituni, kulikuwa na Wanyanga, Wakumu na wengineo. Hivyo mama akambembeleza mwanawe kwa Kihunde, Kinyarwanda au Kinyanga, akampeleka zahanati kwa Kiswahili, na yaliyosemwa huko yakaandikwa kwa Kifaransa. Aghalabu mambo yamebaki vivyo hivyo hadi leo.

Siasa ya lugha shuleni nayo imeyumba. Misheni zilifundisha madarasa ya chini kwa lugha za wenyeji. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 Kifaransa kikashushwa hadi darasa la kwanza. Katika miaka ya 1970 lugha za taifa zikarejeshwa. Na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezitambua tena kuwa lugha za kufundishia. Sheria hiyo inamtazama mtoto. Mwalimu wa mtoto huyo bado hufunzwa kwa Kifaransa.

Hapa ndipo neno moja la Kivu linapotufaa: bwaki. Ndilo jina la utapiamlo unaomvimbisha mtoto miguu na uso. Kadi za ushauri zilizotolewa mwaka 2012 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF humwonyesha mlezi jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto kulingana na umri wake. Mfasiri akiandika "utapiamlo" atakuwa ameandika Kiswahili sanifu. Akiandika bwaki, bibi wa Masisi atainua kichwa. Sisi wa vyuo vikuu tumezoea kuyaita maneno kama hayo lahaja na kuyapita.

Tena wapo walezi ambao mitaala haiwataji. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alirekodi utendi wa Mwindo kutoka kwa fanani wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, na mwaka 1969 yeye na Kahombo Mateene wakauchapisha. Mwindo anazaliwa akisema na kutembea, lakini baba yake hamtaki. Anazikwa, kisha anatiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Anaelekea kwa Iyangura, shangazi yake. Utendi si takwimu, hilo nakubali. Lakini anayetaka kujua mtoto aliyekataliwa hukimbilia kwa nani asianze na orodha ya walimu wa chekechea peke yao. Aulize pia shangazi yuko wapi.

Zanzibar ina mfano wa kusaidia. Kuanzia mwaka 2006 mradi wa RISE ulitayarisha vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wasio na shule ya awali. Sauti ilimwagiza mtoto aimbe, ahesabu, aruke. Mlezi asiye na cheti aliongozwa papo hapo, akajifunza huku anafundisha. Vipindi vilibuniwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, na hiyo ndiyo tofauti yake na tafsiri.

Masisi na Walikale, hata hivyo, redio au mtandao hauwezi kutegemewa kila siku. Mauaji yaliyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993 yalienea Masisi kwa haraka. Mwezi Januari 2025 mji wa Masisi ulitekwa na waasi wa M23, na Machi mwaka huohuo wakauingia mji wa Walikale, wakaondoka Aprili. Mlezi hukimbia pamoja na watoto. Kwa hiyo somo liwe la sauti, fupi, la kupakuliwa mara moja penye mtandao na kupitishwa kutoka simu hadi simu. Na sauti hiyo iwe ya mtu wa huko, anayesema bwaki bila kuomba radhi. Ufafanuzi wa Kifaransa, kwa ajili ya mkaguzi, unaweza kufuata baadaye kwenye karatasi.