Kusota kwa Kiingereza: maneno ya kufifia yametoka wapi?



Juzijuzi tuliombwa kutafsiri ripoti ya Kiingereza ili isomwe kwenye mkutano wa wakazi. Kurasa tatu tu. Mstari wa pili tukakwama. Ripoti inasema wakimbizi, baada ya miaka yote hii, bado "languish" kambini. Kamusi yetu ndogo ikatupa "dhoofika". Mmoja wetu akakataa, akasema hilo ni la mgonjwa. Mwingine akataka "ozea", kama mtu anavyoozea jela. Wengi tukaenda na "sota", kwa sababu ndilo neno la mtaani na kila mtu analijua. Tulibishana mpaka chaji ya simu ikaisha. Kesho yake tukaanza kutafuta lile neno la Kiingereza lilizaliwa wapi, na kutoka hapo tukajikuta tumevuta ukoo mzima.

Tuliosoma kwa Kifaransa, na hapa Nyarugusu tuko wengi kwa sababu shule za Wakongo zinafuata mtaala wa nyumbani, tulihisi mapema kwamba hili ni ndugu wa "languir". Kweli ni ndugu. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari, akaishinda Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi ile walizungumza Kifaransa. Maneno yakamwagika. "Languish" linaonekana kwenye maandishi ya Kiingereza karibu na mwaka 1300. Nyuma ya Kifaransa kuna Kilatini, "languere", yaani kulegea, kuishiwa nguvu. Kwa hiyo yule mwenzetu aliyesema ni neno la mgonjwa hakukosea sana. Lilianzia kitandani. Halafu likawafuata wapenzi wanaokonda kwa mapenzi, kisha wafungwa, na sasa limetufikia sisi.

Lakini Waingereza walijua kudhoofika hata kabla ya Wanormandi, jamani. Walikuwa na maneno yao wenyewe, mafupi, ya shambani. "Wane" ni kupungua, na mpaka leo wanalitumia sana kwa mwezi. Hilo tulilipenda, maana mwezi ukipungua unarudi. "Wither" ni kunyauka, na inavyoonekana limetoka kwenye neno lao la hali ya hewa, "weather": kitu kilichoachwa nje mpaka jua na upepo vikakimaliza. Aliyewahi kuishi chini ya turubai hahitaji maelezo. Mwaka wa kwanza turubai linang'aa, wa pili linapauka, wa tatu ukiligusa kwa kidole linapasuka.

"Dwindle" lina kichekesho chake. Kulikuwa na kitenzi cha kale, "dwine", kukonda na kuisha polepole, ambacho Waskoti bado wanacho. "Dwindle" ni mtoto wake, na alionekana mwishoni mwa karne ya 16. Mmoja wa watu wa kwanza kuliandika ni Shakespeare, na akampa nani alitamke? Falstaff, mtu mwenye tumbo kubwa kuliko wote katika tamthilia zake, analalamika kwamba anakonda. Siku hizi neno hilo tunalikuta kwenye matangazo kuhusu fedha za msaada zinazopungua, na huko halichekeshi.

Kuna "starve" pia. Zamani lilimaanisha kufa tu, kifo chochote, na Wajerumani bado wanasema "sterben" kwa kufa. Waingereza wakalibana kidogo kidogo likabaki na kufa kwa njaa. Leo kijana wao akichelewa chakula cha mchana kwa saa moja analitumia. Tusiwacheke, na sisi tunasema "nimekufa na njaa" huku jana tulishiba ugali.

Neno lililotukalisha muda mrefu kuliko yote ni "pine". Leo maana yake ni kukonda kwa hamu, kumkumbuka mtu au kwenu mpaka mwili unaisha. Sisi tulidhani ni neno la huzuni tu. Kumbe asili yake ni Kilatini "poena", adhabu, lile lile lililozaa "peine" la Kifaransa na "pain" la Kiingereza. Katika Kiingereza cha kale kitenzi hicho kilimaanisha kumtesa mtu. Yaani palikuwa na watu wawili: anayetesa na anayeteswa. Karne zikapita, yule mtesaji akatoka taratibu kwenye sentensi. Akabaki mmoja peke yake, anakonda, anaangalia dirishani, na msomaji hawezi tena kuuliza nani alimfanya hivyo. Hakuna aliyekaa akaamua neno libadilike. Ndivyo lugha zinavyokwenda. Lakini tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo.

Waganga nao waliongeza yao, wakakopa Kigiriki. "Atrophy" ni kukosa lishe. "Marasmus", ambalo kina mama hapa wanalijua kutoka kliniki ya watoto, ni kukonda, basi. Ukikonda sana unapewa jina la kukonda kwa Kigiriki! Ndugu yake, kwashiorkor, si Kigiriki wala Kiingereza, ni neno la Kiga cha Ghana. Daktari Cicely Williams aliwasikiliza kina mama wa kule, na mwaka 1935 akalipeleka kwenye jarida la madaktari London. Wao walisema ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Tazameni tofauti: neno la Kigiriki linaeleza mtoto anavyoonekana, neno la kina mama linaeleza kilichompata.

Kifua kikuu hali kadhalika. Waingereza walikiita "consumption", kuliwa, kwa sababu mgonjwa alionekana kama kitu kinachomla kutoka ndani. Tarehe 24 Machi 1882 Robert Koch alitangaza Berlin kwamba amemwona mdudu mwenyewe. Baada ya hapo lile jina la zamani likaanza kuzeeka.

Sasa maneno ya ofisini. "Limbo" ni Kilatini cha pindo la nguo. Wanateolojia wa kale walilitumia kwa pembe ya jehanamu, mahali pa wasiohukumiwa wala kuokolewa. "Protracted" ni kitu kilichovutwa kikarefuka. UNHCR imeliwekea kipimo: wakimbizi 25,000 au zaidi wa taifa moja, walio uhamishoni kwa miaka 5 au zaidi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Hesabu fanyeni wenyewe. Mwaka 2004 shirika moja la Marekani linalofuatilia mambo ya wakimbizi lilichagua neno jingine, "warehousing", kuweka ghalani. Linauma, lakini sisi tunaliona la kweli kuliko mengine, kwa sababu gunia haliingii ghalani kwa miguu yake. Kuna mtu amelibeba.

Turudi kwenye mkutano. Tulisoma tafsiri yetu, tukafika pale: "wakimbizi wanasota kambini". Mama mmoja mzee kutoka upande wa Fizi akainua mkono. Kwa wasiojua, kusota ni kwanza kujiburuza kwa makalio, kama mtoto ambaye hajaanza kutembea. Mama akasema, "Lakini siye hatusote benyewe. Banatusotesha."

Watu walicheka, halafu wakapiga makofi. Hatukuwa na cha kujibu. Alikuwa na miaka pengine sabini, hajasikia habari za "pine" wala "poena", na kwa silabi moja alimrudisha kwenye sentensi yule mtu aliyetoka.

Tulifuta, tukaandika "wanasoteshwa". Afisa aliyetuletea ripoti ni mtu mwema na alilikubali, ila akaomba tumrudishie sentensi hiyo kwa Kiingereza ili aipeleke juu. Hapo tena tumekwama. "Languish" halipokei kitu kama "-esha". Tumejaribu mara nne, na kila tukiandika sentensi inakuwa ndefu mno, au inasikika kama tunamshtaki yeye. Anaihitaji Ijumaa. Mwenye wazo aliandike hapa chini.