Linki ya Zambarau: Rangi Iliyowachoma Watu kwa Miaka Kibao

Ile linki ukishaibonyeza inageuka kutoka bluu kuwa zambarau, ujue siyo urembo. Miaka ya 90 waliotengeneza brauza za mwanzo walitaka mtu ajue wapi ameshapita. Wazo zuri, ila lilikuwa na tundu.

Tovuti yoyote iliweza kuficha mamia ya linki kwenye ukurasa wake, kisha ikaiuliza brauza kila moja ina rangi gani. Zambarau? Basi huyu ameshaingia huko: benki yake, ugonjwa anaousoma, hata zile tovuti za chumbani. Mwenyewe hajaulizwa chochote!

Mozilla walipelekewa taarifa tangu 2002. Lakini kuifuta rangi kungewakera watumiaji, mjadala ukaburuzwa hadi 2010. Ndipo fundi wao mmoja akaja na ujanja: brauza iidanganye tovuti kwamba linki zote ni mpya, huku macho ya mtumiaji yakiendelea kuona zambarau. Brauza nyingine zikaiga.

Mwaka 2025 Chrome ikaongeza kufuli: linki inageuka zambarau kwenye tovuti ile ile ulikoibonyezea tu.

Zaidi ya miaka 20 kuziba tundu la rangi moja. Je, hayo mengine?